Kaka wa Siku Tisa

Nyumba tuliyolelea watoto wetu ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na kati ya milango hiyo miwili ni hatua kumi na nane. Zamani ilikuwa stoo ya duka la Mhindi, kwenye mteremko wa kilima cha Old Kampala. Kuta zake ni nene, na dirisha ni moja tu, juu kabisa karibu na dari. Asubuhi mwanga huingia hapo ukishuka polepole kama unga unaochekechwa, na vumbi la pamba ya vitambaa vyangu huelea ndani yake. Mpaka leo, nikiwa na miaka sabini na kitu, nikiutazama mwanga ule mapema, kabla sijavaa miwani, huwaona watoto wangu wote wanne wakiwa wadogo kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikutokea kamwe.

Mlango wa mbele unaelekea mtaani. Hapo ndipo ilipo cherehani yangu, kwa kuwa kazi yangu ni kushona kanzu. Na baada ya Swala ya Alasiri nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mtaa Kurani kwenye mkeka, palepale kando ya cherehani. Ndiyo maana watu wengi hunijua kwa jina la Mwalimu, hata mke wangu. Mlango wa nyuma unatokea uani, kwenye bomba moja la maji, kamba za nguo, na chumba cha jirani.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, ng'ambo ya Nile, na Kiswahili ndicho kilichotulea, kwa sababu kambini kila nyumba ilikuwa na lugha yake lakini uwanja wa mpira ulikuwa na lugha moja. Nilipohamia mjini nikakuta wengi wanakiogopa. Kwao ilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Uani kwetu kilikuwa lugha ya kuazimana chumvi. Jirani yetu alikuwa mama Mkongomani kutoka Bukavu, mjane, Mkristo wa kanisa lenye nyimbo nyingi, aliyevuka mpaka akiwa na mimba na sufuria mbili. Mtoto wake wa kiume alizaliwa katika chumba kile cha uani. Miezi miwili baadaye, mke wangu akajifungua binti yetu wa nne, wa mwisho.

Mabinti wanne. Watu waliniombea mtoto wa kiume hata pale ambapo sikuwa nimewaomba waniombee. Mimi nilikuwa nimeridhika. Alhamdulillahi, nilisema kila aliyezaliwa, na nilimaanisha.

Binti wa mwisho alipokuwa na wiki tatu, mke wangu akashikwa na homa kali iliyomfanya asitambue mikono yake mwenyewe. Akalazwa hospitalini siku tisa. Siku hizo nazikumbuka kama vitu alivyoviona mtu aliyefumbua macho chini ya maji. Mvua ilikuwa ikinyesha kila mchana. Msikiti mkubwa wa kilimani ulikuwa bado haujakwisha, nguzo tupu zikingoja juu yetu, na korongo wale wakubwa wenye vipara walisimama juu yake kama wazee wa baraza. Nilishuka kilima kwenda hospitalini, nikapanda kilima kurudi, nikiomba dua zote nilizozijua na nyingine nilizozibuni njiani.

Siku ya kwanza nilinunua kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga, nikampelekea jirani pamoja na mtoto wangu. Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

"Nenda kwa mgonjwa wako, Mwalimu," aliniambia. "Mtoto atakula."

Na kweli alikula. Kila nilipokuwa nikirudi jioni nilimkuta ameshiba, amelala, mashavu yamejaa, ananukia maziwa. Nikawasifu sana watengenezaji wa kopo lile. Nakumbuka nimesimama mlangoni, nguo zimelowa, nikimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watu wa viwandani. Jirani alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Amina." Mke wangu aliporudi, kopo lilikuwa tupu. Nikalisafisha, nikatia ndani vifungo vya kanzu, na tangu hapo likakaa kando ya cherehani.

Watoto wale wawili wakakua pamoja. Kijana wa jirani hakuwahi kubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama upepo unavyoingia, akaketi kwenye sinia, akala, akatoka. Aliwaita binti zangu wakubwa "dada" na yule wa mwisho alimwita "wewe". Walipigana kwa ajili ya ukoko wa wali. Kwa kuwa wakati wa darasa langu alikuwa mara nyingi amelala nyuma ya mkeka, aliamka siku moja akiwa anajua Suratul Fatiha yote, na mama yake aliposikia akacheka mpaka akashika bomba.

"Mwalimu, weye umeniibia mtoto nusu!"

"Nusu ipi?"

"Ile ya mdomo. Tumbo lilishakuwa lenu zamani."

Nilicheka pia. Nilidhani anasema juu ya wali.

Kisha ikaja alasiri moja walipokuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimetoka sokoni Kikuubo kununua nyuzi za hariri, zile nyekundu za kutarizi kifuani. Nyumba ilikuwa kimya, na jua lilikuwa limelala sakafuni. Nikawakuta wawili wale wamelala kwenye mkeka mmoja, vichwa kwenye mto mmoja, kitabu cha hesabu kimeufunika uso wa binti yangu. Walilala kama walivyolala wakiwa wachanga. Lakini mimi sikuwaona hivyo. Niliona kijana anayeanza kuota ndevu na msichana anayekaribia kubaleghe, na nilikuwa mtu wa dini, na mtaa ulikuwa na macho.

Nikamwamsha kijana. Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti ninayotumia kufundisha:

"Umekuwa mkubwa sasa. Huyu si dada yako. Kuanzia leo usiingie nyumba hii bila kubisha hodi."

Akanitazama akiwa bado na alama za mkeka shavuni. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Huko uani mama yake alikuwa anafua; alikuwa amesikia. Alisimama, mapovu yakimtiririka mikononi, akamtazama mke wangu, na mke wangu akamtazama yeye, na hakuna aliyesema neno. Nilidhani kimya kile kilikuwa heshima.

Kijana hakubisha hodi siku iliyofuata wala siku nyingine. Hakuja tu. Baada ya miezi michache walihamia Ggaba, kandokando ya ziwa, mama akaanza biashara ya dagaa wale wadogo wanaoitwa mukene. Alisema huko wako Wakongomani wenzake wengi. Tuliwapakilia vitu kwenye gari: zile sufuria mbili, na nyingine zilizoongezeka. Kijana alikaa juu ya godoro, hakugeuka.

Miaka ikapita kwa namna yake ya kupita, polepole ukiwa ndani yake na haraka ukigeuka nyuma. Msikiti ulikamilika, mnara ukasimama, na adhana ikawa inatushukia kutoka juu kama maji ya mvua kutoka kwenye bati. Binti zangu watatu wakaolewa na vijana wa watu wetu wa kaskazini. Nikabaki na wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi kama mama yake. Akaja kijana wa Kiganda, Mwislamu mwenye adabu, akasema anamtaka. Tukafurahi.

Wiki mbili kabla ya siku ya kujitambulisha, bwana harusi anapoletwa rasmi kwa wazazi wa msichana, shangazi yake bwana harusi alikuja kupanga mambo. Alikunywa chai, akapanga viti, akapanga hema, kisha akauliza: "Na jogoo wa kaka atapokelewa na nani?"

Kwa Waganda, siku hiyo bwana harusi huleta jogoo hai na kumkabidhi kaka wa bibi harusi mbele ya watu wote. Kaka ndiye anayemtoa dada yake. Wengine huona kwamba pasipo jogoo huyo ndoa haijatimia, hata ikiwa shehe ameshasoma khutba. Nilimwambia shangazi yule, kwa upole, kwamba nikaha yetu haimhitaji jogoo. Akajibu, kwa upole zaidi, kwamba anajua, Mwalimu, lakini wazee wake wanamhitaji.

"Basi nitamwita mtoto wa binamu yangu kutoka kaskazini," nilisema alipoondoka.

Binti yangu alikuwa anaosha vikombe. "Yule? Baba, yule hata jina langu hulikosea."

"Atafundishwa."

"Mfundishe wewe, una subira." Akatoka uani na vikombe vyake.

Mke wangu alikuwa ameketi na ungo, anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ana kaka," alisema.

"Nani?"

"Mtoto wako. Ana kaka."

"Kaka yupi? Mama, umezaa nikiwa wapi?"

Hakucheka. Akauweka ungo chini. "Lete lile kopo la vifungo."

Nililileta. Akalishika mapajani kama mtu anayeshika kitu cha msiba, akaniambia. Maziwa yale ya kopo, mtoto aliyatema tangu mara ya kwanza, akalia mpaka akawa wa bluu. Jirani alikuwa ananyonyesha mtoto wake mwenyewe, na maziwa yalikuwa yanamwagika. Akamweka binti yangu kwenye titi, mtoto akanyamaza. Siku zote tisa. Unga wa kopo waliulamba binti zetu wakubwa na sukari, nyuma ya pazia.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Kwa miaka thelathini nimefundisha watu mlango wa kunyonya: mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenziwe mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili, amekuwa mama yake, na watoto wake ni ndugu zake, damu na maziwa ni kitu kimoja.

"Zilifika tano?" niliuliza, kwa sauti ya kijinga.

"Mwalimu! Siku tisa! Mtoto wa wiki tatu ananyonya mara ngapi kwa siku moja? Hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyesoma."

Sikuhesabu. Nilikuwa nikisikia sauti yangu mwenyewe, tulivu, ya kufundishia: Huyu si dada yako. Nilikuwa nimesema uongo ndani ya nyumba yangu, juu ya mkeka wa Kurani, na nilikuwa nimeusema kwa jina la dini.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tuliogopa. Titi la Mkristo, mtoto wa Mwalimu. Tulidhani utasema haifai."

"Ningesema inafaa! Imeandikwa inafaa!"

"Sasa sisi tungejuaje? Hukuwa mkali wewe, elimu yako ndiyo tuliiogopa." Akaanza tena kuchagua mchele. "Na siku ile ulipomfukuza, ulikuwa umekwisha kusema. Ningeanzia wapi? Miaka kumi na miwili nimekuficha?"

Usiku ule tulimwambia binti yetu. Akacheka kwanza, kisha akalia, kisha akasema, "Mimi nilijua." Nikamuuliza alijua nini. "Sikujua maziwa, Baba. Nilijua tu."

Siku ya pili nilikwenda Ggaba. Nilimkuta mama yake ufukweni anageuza mukene juu ya nyavu zilizotandazwa, maelfu na maelfu, fedha tupu mpaka ukingo wa maji. Ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, na mitumbwi ilionekana imening'inia. Alininyooshea kiwiko badala ya mkono, kwa sababu ya magamba.

"Mwalimu. Weye umezeeka!"

"Nimeambiwa juu ya kopo," nilisema.

Akaendelea kugeuza samaki kwa muda. "Nilisema amina siku ile," alisema. "Ulikuwa unashukuru kiwanda. Nikasema, basi, Mungu anajua anwani." Kisha akacheka kile kicheko chake cha bombani, nami nikapata nguvu ya kumwomba msamaha. Aliupokea kama alivyopokea kopo. Lakini akaonyesha kwa kidevu mahali kijana wake alipokuwa, ameinama juu ya mashine ya boti. "Mimi siyo uliyemfukuza. Mwambie mwenyewe."

Alikuwa mtu mzima, mrefu, mabega ya baba ambaye hatukumjua. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama kwenye matope. Mikono yake haikuacha kazi.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mzee," alisema mwishowe. "Nilidhani nimefanya kitu kibaya. Nilikitafuta muda mrefu. Sikukipata."

"Hukufanya kitu. Nilikosea mimi. Wewe ni kaka yake, nami nilikukana nikiwa sijui, na sikujua kwa sababu sikuuliza."

Akafuta mikono kwa kitambaa. Akauliza siku ni ipi. Nikamwambia Jumamosi ya wiki ijayo, mchana.

"Jumamosi kuna kazi," alisema. "Nitaona."

Sikumsukuma. Nilimwambia tu kwamba nitamshonea kanzu.

Nikaishona kwa siku nne, mimi ambaye kanzu hunichukua siku moja. Sikuwa na vipimo vyake. Nilikuwa nimeona aibu kumtolea futi mtu niliyekuja kumwomba msamaha. Nilikata kwa macho. Lakini macho ya mzee hayaoni kilicho mbele tu. Nilipokuwa nikikata, mwanga wa dirisha ukishuka, nilimwona akiingia kutoka uani, mwembamba, ana haraka, anatafuta sinia. Na mkasi ukaenda pale alipokuwa. Nilitarizi kifua kwa uzi mwekundu. Vifungo nilivitoa kwenye kopo. Kila baada ya swala niliomba jambo moja tu, na sikumwekea Mungu masharti.

Jumamosi ikafika. Uani palisimama hema, wageni wakaingia kwa lango la upande wa kichochoro, wanaume kwa kanzu, wanawake kwa magauni ya gomesi yanayong'aa, vikapu vichwani. Mama jirani alikuwa amefika asubuhi, ameketi mstari wa mbele kando ya mke wangu, wamevaa kitenge sare. Alikuja peke yake. Nilimtazama, akatikisa kichwa kidogo, maana yake hajui.

Binamu yangu alitaka kufunga mlango wa mbele kwa sababu ya wezi, kwa vile sote tulikuwa uani.

"Usifungwe," nilisema.

"Mwalimu, cherehani itaondoka!"

"Iondoke."

Kanzu niliiacha imetundikwa kwenye msumari, juu ya cherehani.

Mambo yakaenda kwa mpangilio. Salamu, utani, vikapu. Bibi harusi akatoka na dada zake, akapiga magoti, akawa mzuri mno kiasi kwamba ilinibidi kutazama bomba. Kisha msemaji wa upande wa bwana harusi, mzee wa maneno mengi, akainuka. Jogoo alikuwa mikononi mwa kijana mmoja nyuma yake, mwekundu, macho makali.

"Sasa," alisema, "tumekuja na jogoo, na jogoo amechoka kubebwa. Kaka yuko wapi?"

Mtoto wa binamu yangu akairekebisha kofia yake na kuanza kuinuka. Nikamwekea mkono begani.

"Ngoja," nilisema.

"Ningoje nini, mzee? Watu wanatazama."

"Ngoja."

Subira nimeifundisha maisha yangu yote, na siku ile niliijua kidogo kuliko wanafunzi wangu. Msemaji alifanya mzaha juu ya kaka anayeoga. Watu walicheka kiasi. Binti yangu alikuwa amepiga magoti, ameinamisha kichwa, lakini nilimwona anasikiliza. Mlango wa nyuma wa nyumba yangu ulikuwa mgongoni mwangu, wazi. Nikasikia hatua kutoka upande wa mtaani, juu ya saruji yangu. Niliwahi kuzihesabu mara nyingi, na miguu ile ilikuwa mirefu, haikuhitaji kumi na nane. Zilikatika karibu na mlango wa mbele, pale pa cherehani, zikakaa kimya kwa muda wa mtu kuvaa nguo. Kisha zikaendelea, zikapitia jikoni.

Sikusikia hodi.

Akatokea kando ya bega langu, anatafuna. Mkononi alikuwa na sambusa iliyoumwa nusu, mkono mwingine anajifunga kifungo cha shingoni. Kanzu ilimwishia katikati ya miundi, na mikono ya kanzu ilikoma mbali na viganja. Watu wakaona, kicheko kikapanda mpaka kwenye turubai.

"Huyu ndiye kaka?" aliuliza msemaji, akijifuta machozi. "Au kaka amemwazima mdogo wake kanzu?"

"Ndiye mimi, mzee," alisema, akimeza. "Aliyenishonea hajaniona siku nyingi."

Binti yangu aliinua kichwa, jambo ambalo bibi harusi hatakiwi kulifanya. "Wewe," alisema, "umechelewa."

"Nyamaza, wewe," akamjibu.

Mama yake na mke wangu walikuwa wameshikana mikono ndani ya kitenge kimoja. Bwana harusi akaja, akapiga goti, akamkabidhi jogoo. Naye akampokea, akampima uzito kama mtu wa sokoni, akawatazama watu wote waliokuwa wakipiga vigelegele. Kisha akanigeukia. Ufukweni aliniita mzee. Utotoni, kama wote, aliniita Mwalimu.

"Baba, nishikie," aliniambia kwa sauti ya chini, akininyooshea jogoo. "Nimalizie sambusa."

Nikamshika kwa mikono miwili.